Kabla Hamjawapa Vijana Wetu Bunduki: Barua ya Wazi Kutoka Lamu

Kwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Inspekta Jenerali wa Polisi, Kamishna wa Kaunti ya Lamu na wajumbe wote wa Kamati ya Usalama ya Kaunti.

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum, na wale wasiosalimiwa hivyo, hamjambo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi katika kaunti hii kwa miaka 31, nusu yake kisiwani na nusu bara. Nawaandikia kuhusu wito wa kuwapa vijana wa vijiji bunduki wawe askari wa akiba, na kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha hesabu darasa la sita, ambaye jioni moja nilimkuta amemkanyaga mvuvi kifuani.

Mvuvi mwenyewe ni mpwa wa mke wangu. Kusi ilimkatalia, akarudi pwani jua limeshazama. Vijana wa kujitolea wanaolinda kijiji wakamkuta anavuta dau. Wakamuuliza anatoka wapi, alimvusha nani, na chakula alichonacho anampelekea nani. Alikuwa na kopo la maji na mikate miwili ya mofa iliyobaki safarini. Mikate ile ikawa ushahidi. Walipomaliza kumpiga, karabai imevunjwa na jarife, wavu wake wa kuvulia, limekatwakatwa kwa panga. Nilipofika na shemeji yangu, mbio kama watu wasiokuwa na umri tulionao, nikamuona yule kijana. Shati la kijeshi juu, jinzi na ndara chini, bunduki mkononi. Aliponitambua akauondoa mguu.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia marahaba. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliitikia.

Jina lake silitaji, wala kijiji, wala mwaka. Nikimtaja mtamkamata yeye mmoja, mtamwonyesha kwenye runinga, halafu mtaona kazi imekwisha. Nami kazi ninayotaka muifanye ni kubwa kuliko kumkamata mtu. Kijana huyu alikuwa mtoto mpole. Ndiye niliyemwachia ufunguo wa stoo ya chaki na vitabu, na haukupotea hata kipande. Kwa hiyo yule atakayeniambia kwamba wanaowapiga na kuwaua raia vitani ni watu waliozaliwa na roho mbaya, nitamwambia mimi niliwasomesha.

Nianze kwa kusema kwamba sipingi askari wa akiba. Mtu anayelala vijiji vya Juhudi au Salama na watoto wanne, ukuta wa udongo, msitu uko pale, hawezi kungoja gari litoke mbali usiku. Tumeyaona. Mpeketoni, usiku wa Juni 15, 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia, na usiku uliofuata vijiji vya jirani: waliouawa walipita 60. Hindi na Gamba, Julai mwaka huohuo. Widhu, Januari 2022. Juhudi na Salama wenyewe, Juni 2023. Kila baada ya shambulio husikika wito uleule mazishini, na unatoka kwa wafiwa wenyewe: wapeni vijana wetu bunduki. Ni haki yao kuusema. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kitaifa ya mwaka 2011 nayo inawatambua polisi wa akiba kuwa ni watu wa kujitolea. Basi swali langu linahusu siku ya pili yake, bunduki ikishatolewa na jeneza likishazikwa.

Wiki chache baada ya kisa kile, kijana alikuja kwangu na kapu la maembe. Akaketi barazani, kimya, mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza: kwa nini? Akasema, "Mwalimu, mchana namjua kila mtu. Usiku simjui mtu." Akanieleza kuhusu mjomba wake aliyeuawa Mpeketoni. Akanieleza kuwa wenzake walikuwa wanamtazama. Akanieleza kuwa tangu apewe bunduki hajaona shilingi. Na mwisho, akiwa ameshasimama kuondoka, akasema jambo ambalo ndilo lililoniumiza zaidi: "Hakuna aliyetuambia tusifanye."

Nimekaa na maneno hayo. Mtu mzee asiyekuwa na kazi husoma, nami nimesoma habari za vita vya watu wengine ili nielewe vya kwetu. Nitawaeleza nilichokiona, kwa sababu kila alichonieleza kijana kimeshatokea mahali pengine, na kwa hesabu kubwa kuliko karabai moja na jarife.

Hofu kwanza. Adui tuliyenaye havai sare ya kumtambulisha. Hupita shambani kwa mtu usiku, huomba maji na unga, na anayeombwa hana la kufanya maana mwombaji ana bunduki. Asubuhi mtu yule ni nani? Kwa mwenye akili zake ni aliyeporwa. Kwa kijana ambaye hajalala siku tatu, ni aliyewalisha. Mwaka 2014, Al-Shabaab walidai Mpeketoni ni kazi yao, serikali ikasema ni mitandao ya siasa ya hapahapa. Sisi tulio katikati tukabaki kutazamana. Waboni wa Basuba, Milimani na Mangai, ambao msitu ni ghala lao, wakawa kila anayetoka na asali huulizwa alimpelekea nani. Ukimwambia kijana mwenye bunduki kwamba adui yumo ndani ya watu, na usimwambie adui anatambulikaje, umemwachia achague mwenyewe, naye atamchagua mtu ambaye tayari alikuwa hampendi.

Hapo ndipo kisasi kinapoingilia. Msinielewe vibaya: kulipa kisasi si tabia ya watu wasiosoma, wala si ya wanamgambo peke yao. Sote tunaozungumza Kiswahili tunakijua vita vya Kagera, na wazee wengi wanazikumbuka zile tatu za Mwalimu Nyerere, uwezo, sababu na nia. Jeshi la Tanzania lililoingia Uganda mwaka 1979 lilikuwa na maelfu ya mgambo walioitwa kutoka vijijini. Walikuwa wamepita Kagera kwanza. Walikuwa wameona maiti na nyumba zilizochomwa na askari wa Idi Amin. Walipoiteka Masaka Februari 24, na Mbarara siku iliyofuata, majengo ya miji ile yalilipuliwa kwa baruti kulipiza Kagera. Habari zilipomfikia Nyerere hazikumpendeza, na amri ikashuka kwa makamanda kwamba raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. Natua hapa kwa makusudi. Nchi iliyoonewa, vita vilivyokuwa na sababu, rais ambaye wengi hawakumtilia shaka nia yake, na bado askari walilipiza kwa watu ambao hawakuwakosea lolote. Kilichohitajika ni mtu wa juu kabisa kukasirika kwa ajili ya raia wa upande wa pili, na kulisema hilo kwa amri. Nawauliza, waheshimiwa: ni lini mara ya mwisho mmoja wenu alisimama hadharani Lamu akawaambia askari wa akiba nani wasimguse?

Au tuje nyumbani. Usiku wa Machi 26, 1953, Mau Mau walishambulia Lari, huko Kiambu, wakazichoma nyumba za familia za machifu na walinzi wa nyumbani, wale mnaowajua kwa jina la homugadi. Walikufa watu zaidi ya 70, wengi wanawake na watoto. Hayo yameandikwa sana vitabuni. Yasiyosomwa sana ni ya saa na siku zilizofuata, ambapo homugadi na askari waliwaua kwa kisasi watu ambao wanahistoria wanakadiria kuwa ni wengi kuliko wale wa mwanzo. Na nyuma ya yote palikuwa na ardhi. Chifu Luka Wakahangara, aliyeuawa usiku ule, ndiye aliyekubali shamba la Tigoni libadilishwe na la Lari miaka zaidi ya 10 kabla, na waliopoteza mashamba yao hawakusahau. Vita vya uhuru vilipofika, ugomvi wa mipaka ya mashamba ukavaa nguo mpya, na kila upande ukawa na bunduki zake na majina ya watu wake wa kuuliwa.

Anayeijua Lamu ameshaona ninakoelekea. Tangu mpango wa makazi wa Lake Kenyatta wa miaka ya 1970, huku bara hakuna shamba lisilokuwa na maneno. Mwenyeji anasema la babu, mlowezi anasema ana hati, mfugaji anasema ni njia ya ng'ombe. Siwahukumu, nimekula harusi za wote watatu. Lakini bunduki ya akiba, machoni mwa jirani, ina kabila. Ukiwapa vijana wa kijiji kimoja, kijiji cha pili hakioni usalama umeongezeka. Kinaona kesi yake ya ardhi imeamuliwa. Jirani zetu wa Tana Delta, Agosti 2012, pale Riketa, waliuawa watu 50 hivi kwa asubuhi moja, wanawake na watoto wakiwemo, na walioua walikuwa vijana wa vijiji waliojitolea kuwalinda watu wao. Kila mmoja wao angekuapia kwamba anajihami.

Neno "kujitolea" lenyewe ni zuri, na uzuri wake unatuzuia kuuliza maswali. Mtu amejitolea, utamuulizaje mshahara? Utamuulizaje nidhamu? Serikali nyingi zinawapenda watu wa kujitolea, na tuambizane ukweli ni kwa nini: hawagharimu, wanajua njia, na wakiharibu hukanwa. Hayo mawili ya kwanza nayaelewa.

Njaa haihitaji maelezo marefu. Askari wa akiba wa nchi hii walifanya kazi miaka mingi bila mshahara, bunduki ya serikali, tumbo la kwako. Kijana anakesha siku nne kwa wiki, shamba lake linaliwa na nyani, mkewe ananung'unika. Siku ya kwanza ataomba dereva wa bodaboda hamsini ya chai. Mwezi wa tatu haombi tena.

Tazameni Burkina Faso. Januari 2020 walipitisha sheria ya kuunda kikosi cha watu wa kujitolea kuilinda nchi. Mafunzo yake yaliwekwa kuwa siku 14. Siku 14! Sisi tulimfunza mwalimu miaka miwili kabla ya kumkabidhi darasa la watoto wasiokuwa na silaha. Mwisho wa 2022 uongozi mpya wa kijeshi ukaita watu 50,000 wajiandikishe. Na si kwamba hawakuwa na onyo. Januari 1, 2019, hata kabla ya sheria hiyo, watu wenye silaha walimuua mkuu wa kijiji cha Yirgou, na siku hiyohiyo walinzi wa jadi waitwao Koglweogo wakawageukia jirani zao Wafulani, kwa kuwa waasi wengi wa kijihadi walidhaniwa ni Wafulani. Serikali ilihesabu 49 waliouawa, mashirika ya raia yakahesabu zaidi ya 200. Wafulani walio wengi hawakuwa na habari na waasi. Baadaye baadhi ya ndugu za waliouawa wakawa hawana pengine pa kukimbilia isipokuwa kwa waasi haohao. Vita vilikua. Huo si mkasa wa Afrika Magharibi peke yake. Badilisheni jina la kabila na jina la msitu mkaone kama hamtambui.

Lakini mfano ulionifundisha zaidi, na nitaomba subira yenu hapa, ni wa Kamajor, wawindaji waliogeuzwa walinzi huko Sierra Leone. Vita vya huko vilianza Machi 1991. Jeshi lilikuwa limechoka na limeoza, wanakijiji wakasema askari wa mchana ni mwasi wa usiku. Basi machifu wa Wamende wakawatoa wawindaji wao. Kila chifu alimchagua anayemjua, mtoto wa fulani, asiyekunywa, asiyeiba. Wakaingizwa jandoni, wakapewa dawa za kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na masharti: usipore, usimguse mwanamke wakati wa vita, usimuue asiye na hatia. Ukivunja, dawa inatoka na risasi inaingia. Mimi ni Mwislamu na dawa hizo siziamini, lakini nikiwa mwalimu naheshimu kanuni ambayo mtu anaibeba mwilini mwake na adhabu yake anaiogopa usiku akiwa peke yake. Mwanzoni walisifiwa. Raia waliwakimbilia.

Kisha vita vikakua na haja ya watu ikakua. Waliojua kutia jandoni wakaanza kutoza ada, na mwenye ada akaingia, hata chifu asipomjua. Wakaongezwa maelfu kwa maelfu. Wakapelekwa miji ya mbali ambako hakuna mama wa mtu wala shangazi wa mtu. Mwaka 1998 vijana haohao, kwa jina lilelile la ulinzi, walikuwa wanawaua raia waliopachikwa neno moja: washirika wa adui. Aliyeuza sigara kwa mwasi, mshirika. Aliyebaki nyumbani waasi walipopita, mshirika. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone iliwatia hatiani viongozi wao wawili, Moinina Fofana na Allieu Kondewa, Agosti 2007. Wa tatu, Samuel Hinga Norman, alifariki kabla ya hukumu. Majaji wa mwanzo waliwapunguzia adhabu kwa kuwa walipigania serikali halali iliyochaguliwa na watu. Majaji wa rufaa, Mei 2008, wakalikataa hilo, wakapandisha vifungo kuwa miaka 15 na 20. Kuwa upande wa haki si punguzo. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe kila kambi.

Nilipofika hapo nilikuwa nimeshapata jibu langu la kuwaandikia: waacheni vijana karibu na kwao, chini ya wazee wao, na changanyeni makabila katika kila kikosi ili mmoja amzuie mwingine. Nikaridhika, nikafunga daftari. Halafu nikakutana na utafiti uliofanywa baada ya vita hivyo, wapiganaji wa zamani zaidi ya 1,000 wa pande zote wakahojiwa, na ukanivuruga. Kuwa karibu na jamii hakukutosha kuzuia dhuluma. Na vikosi vilivyochanganya makabila vilionea raia zaidi, kwa kuwa ilikuwa vigumu wenyewe kwa wenyewe kukanyana. Kilichotofautisha kikosi kinachoonea watu na kisichoonea yalikuwa mambo ya ndani ya kikosi chenyewe: watu waliingia kwa tamaa ya kupata nini, na je, mkosaji huadhibiwa?

Nilijikuna kichwa. Bado nataka vikosi vyetu viwe na kila mtu, Mbajuni, Mboni, Mkikuyu, Muorma, maana bila hivyo bunduki itakuwa na kabila kama nilivyosema. Lakini nakiri kwamba kuchanganya peke yake ni kupaka chokaa ukuta ulio na ufa. Wazee peke yao pia hawatoshi. Mimi ni mzee, nilifika pale pwani, na kama nisingekuwa mwalimu wa yule kijana mguu usingeondoka. Nidhamu inayotegemea bahati ya kukutana na mwalimu wako wa darasa la sita si nidhamu.

Na kuna lile la wenzake kumtazama. Mwaka 1942 kikosi cha polisi wa akiba cha Hamburg, nambari 101, watu wasiofika 500, wengi wao makuli, madereva na makarani wa makamo wenye watoto, kilipelekwa Poland. Hao hawakujitolea, waliitwa. Julai 13, nje ya mji wa Józefów, kamanda wao aliwaeleza huku akilia kwamba wanatakiwa kuwaua Wayahudi wa mji ule, wanawake na watoto, na asiyeweza ajitokeze, hatalazimishwa. Walijitokeza kama 12. Kikosi kiliua watu wapatao 1,500 siku ile. Adhabu haikuwepo, na walipoulizwa miaka mingi baadaye, baadhi yao walisema hawakutaka kuonekana waoga. Waliona haya. Hawakutaka mwenzao aonekane amebeba mzigo wao. Hivyo mtu huogopa kuitwa mwoga kuliko anavyoogopa kuua, na kijana wangu aliyemkanyaga mvuvi alikuwa na wenzake watano nyuma yake.

Mtaniambia hata askari wa kulipwa hufanya haya. Ni kweli. Walioua Wagalla, huko Wajir, Februari 1984, walikuwa askari wa serikali, si watu wa kujitolea. Lakini ya Wagalla yana vyeo, amri na mafaili, na ndiyo maana tume ya ukweli iliweza kuyaulizia. Ya watu wa kujitolea hayana hata orodha. Lari iliishiaje? Januari 1955 Gavana Evelyn Baring alitangaza msamaha wa pande mbili: Mau Mau watakaojisalimisha hawatanyongwa kwa makosa ya nyuma, na homugadi nao hawatashtakiwa kwa waliyoyatenda. Kwa tangazo moja, dhuluma ya miaka miwili ikafutwa, na waliodhulumiwa wakaendelea kuishi kijiji kimoja na waliowadhulumu, wengine mpaka leo wajukuu hawasalimiani.

Sasa basi, nataka nini?

Nataka mtuambie, kwa jina na kwa cheo, nani anawaamuru askari wa akiba wa Lamu, na jina hilo libandikwe ofisi ya kila chifu, kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha gazeti rasmi. Nataka kila mmoja awe na nambari kubwa mgongoni inayosomeka na bibi asiye na miwani. Nataka walipwe, kila mwezi, hata kidogo, kwa sababu mtu asiyelipwa huwezi kumkata mshahara wala kumfukuza kazi. Kabla ya kuandikishwa, majina yasomwe barazani mbele ya vijiji vyote vinavyopakana, na mwenye kesi ya shamba na jirani yake asipewe bunduki ya kumlinda jirani huyo. Semeni wazi pia kama mamlaka huru ya kuchunguza polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inawahusu wa akiba sawasawa na wengine, maana huku hakuna mvuvi anayejua.

Zaidi ya yote nataka muadhibu kofi. Mauaji hamtayakosa, magazeti yatawaita. Kofi la kizuizini, hamsini ya chai, mkate wa mofa ulioitwa ushahidi, jarife lililokatwa: hivyo ndivyo kikosi kinavyojipima kama kuna anayekitazama. Kama kijana wangu angenyang'anywa bunduki kwa wiki mbili siku ya kofi lake la kwanza, angekasirika, angelima shamba lake, na angekuwa na la kujibu wenzake wakimtazama: "Mimi siwezi, nitafukuzwa." Mpeni kisingizio cha kuwa mwema. Vijana wengi hawahitaji zaidi ya hicho.

Na wakati huohuo walindeni wao. Wanalala porini na blanketi moja, adui ana mabomu ya kutega barabarani, na wakifa hatusikii bendera ikishushwa. Sikuwasahau. Kapu lile la maembe lilikuwa zito.

Mvuvi wetu alikwenda kituoni kuandikisha. Akaandikiwa, akapewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, kisha akaambiwa kwamba waliompiga ni wa kujitolea na hawamo katika orodha ya askari wa hapo, aulize kwingine. Akauliza kwingine mara tatu, nauli ya boti kila mara, akaacha. Karatasi ya OB ililowa kwenye dau siku ya mvua, lakini nambari alikuwa ameshaiandika kwa makaa ukutani, juu ya mtungi. Mke wake akipaka chokaa kila Ramadhani hupakaza pembeni tu, pale hagusi. Afisa wenu yeyote atakayetaka kuiona nitampeleka mwenyewe, na jarife lililokatwa bado liko, limekunjwa darini.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Lamu